Uzoefu wangu: fundi wa mtandao aliyetupimia intaneti ya ofisi, Moi Avenue

Kama intaneti ya ofisi yenu inajikokota na kampuni inayowauzia faiba inawashauri mpande hadi kifurushi cha kasi zaidi, mwiteni kwanza fundi wa mtandao apime. Sisi ni mawakala wa forodha. Hati isipopanda mtandaoni kwa wakati, kontena linakaa Kilindini na gharama zinamwangukia mteja. Tunalipia megabiti 200 kwa sekunde, tena tuko Mombasa, ambako nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka 2009! Ilikuwa inaniuma sana.

Fundi alichomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta: 200 kamili. Akahamia kwenye swichi inayogawia ofisi nzima: 94. Akapima tena mchana, wakati wenzetu wako kwenye chakula, na jioni kabla ya kufunga. Ni 94 ile ile.

"Dada, msongamano hupanda na kushuka," akaniambia. "Namba isiyotikisika namna hii, tazama waya."

Hapo ndipo nilipomwamini. Kasi ya gigabiti (megabiti 1,000) hutaka nyuzi zote nane zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 hutosheka na nne. Ukifa uzi mmoja kati ya zile nne nyingine, ruta na swichi mara nyingi hushuka zenyewe hadi 100, na mtumiaji hupata kama 94. Taa zinawaka na hakuna kinachokatika, kwa hiyo hakuna anayeshuku kebo. Yetu, ile inayotoka kwenye ruta hadi kwenye swichi, ilipita dirishani, na kichwa chake kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na shaba.

Alikata, akabana vichwa vipya pande zote mbili, akaiondoa kebo dirishani. Swichi ikasoma gigabiti, na kipimo kikapita 190. Kifurushi hatukukipandisha.

Wi-Fi aliihamishia kwenye masafa ya 5 GHz, maana majirani wamejazana kwenye yale ya 2.4. Kwetu imesaidia, ila chumba cha nyuma bado ni dhaifu kwa sababu mawimbi ya 5 GHz hayapenyi vizuri kuta nene. Alilisema hilo mapema, na nilipenda ukweli wake.

Namlaumu kwa jambo moja tu: hakuacha vipimo kwa maandishi. Mkimwita fundi yeyote, mwombeni aandike kasi ya kwenye ruta, ya kwenye swichi na ya Wi-Fi, pamoja na saa aliyopima. Karatasi hiyo ndiyo mtakayomwonyesha muuza faiba akija tena na habari za kupanda kifurushi.