Fleti ya ukumbi na jiko pamoja, huku Mbweni

Jamani kwa wanaotafuta hizi fleti mpya zisokuwa na ukuta baina ya ukumbi na jiko, sie tunakaa humo na watoto. Mwangaza mashallah, na kusi likivuma ukifungua madirisha ya pande zote mbili upepo unapita mpaka nyuma, feni unazima kabisa, na mtoto mdogo namuona anacheza huku mie nakuna nazi. Hapo sina neno.

Lakini sitara hakuna. Anakuja mgeni mwanamme, shemeji au rafiki wa mume wangu, mie niko jikoni kichwa wazi nakaanga samaki na yeye kakaa kwenye kochi tunatizamana uso kwa uso, nikimbilie wapi? Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wallahi zilijengwa kwa akili, baraza nje, kisha daka, yaani kile kiukumbi cha mlangoni, mgeni anapokewa hapo na wa ndani wana raha zao. Halafu harufu, ukipika papa makochi na mapazia yananuka mpaka kesho yake, udi haufui dafu. Na wa skuli anadurusu hapohapo TV inalia.

Tulimuomba mwenye nyumba atie japo ukuta wa nusu, kakataa, tumetundika pazia zito, kwa wageni linasaidia ila harufu iko palepale. Mtu na mkewe tu sawa, lakini wenye familia chukueni yenye jiko mbali hata kama vyumba vidogo. Na kabla hujatoa kodi angalia dirisha la jiko linafunguka nje.