Plaiwudi ya milango ya kabati iliyopinda: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Mlango uliopinda hutengenezwa kwa kubandika tabaka nyembamba juu ya kalibu na kuzibana kwa klempu mpaka gundi ikauke. Ukinunua mbao mbovu, hakuna klempu itakayokuokoa.

Nafasi ya kwanza naipa plaiwudi ya milimita 3. Ni rahisi kuipata, hupinda bila mvuke, na tabaka sita hukaribia unene wa milimita 18. Nasema hukaribia kwa sababu nyingi zinazouzwa kama 3 ukizipima unakuta 2.7, yaani jumla 16.2. Si tatizo: bawaba ya kikombe cha milimita 35, ile inayozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango, huchimbiwa kina cha 12 au 13 hivi, hivyo haitoboki upande wa pili. Ila nenda na kipimo chako, na uchukue shiti za fungu moja ili unene ulingane. Kagua ukingo. Ukiona matundu meusi katikati, tabaka la ndani halikukutana, na hapo ndipo mlango utakapovunjika au kufanya kigongo. Simamisha shiti, ipinde taratibu kwa mikono miwili, ikialika, irudishe. Wakati wa kukata, nyuzi za uso zifuate urefu wa mlango, ndivyo inavyopinda kwa wepesi. Kwenye shiti ya futi 8 kwa 4, nyuzi hizo kwa kawaida hufuata futi 8.

Ya pili ni plaiwudi maalumu ya kupinda, ya milimita 5 au 8. Nyuzi za pande zake mbili zinaelekea upande mmoja na tabaka la kati ni jembamba sana, hivyo hukunjika kama mkeka. Kwa kona kali, hii ndiyo ya kwanza. Imeshuka kwangu kwa sababu ni adimu, bei yake iko juu, na uso wake lazima ufunikwe kwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao.

Vinia tupu, tabaka juu ya tabaka, ni ya tatu: inapinda vizuri mno lakini inakula gundi.

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyochanjwa kwa msumeno upande wa nyuma ili ipinde, naiweka mwisho. Michanjo hujitokeza usoni baada ya rangi, na maji ya jikoni huivimbisha. Kwa mlango siishauri kabisa.

Kwenye gundi usibane pesa. Gundi nyeupe ya kawaida hubaki na ulaini hata ikikauka, basi tabaka huteleza kidogo kidogo na mlango hunyooka kadiri miezi inavyopita. Tafuta gundi ya unga ya urea fomaldehaidi inayochanganywa na maji, au epoksi. Zote hukauka zikawa ngumu. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha.

Hata hivyo, mlango ukitoka kwenye kalibu utafunguka kidogo, na tabaka chache nene hufunguka zaidi ya nyingi nyembamba. Kwa hiyo ongeza shiti moja kwenye hesabu yako, ubandike kipande cha majaribio, upime kimefunguka kiasi gani, kisha uongeze mpindo wa kalibu kwa kiasi hicho kabla ya kugusa mlango wenyewe.