Uzoefu wangu: Msaada wa kisheria wa bure katika kutengua hukumu iliyotolewa dhidi ya mtoto

Mwaka 2015 kaka yangu alinunua kiwanja mkoani Pwani, na kwenye hati ya mauziano akaandikisha jina la binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 6. Kaka alifariki 2020. Mama wa mtoto alishatangulia, kwa hiyo binti nikamchukua mimi, shangazi yake, naishi naye Mbagala. Kule kiwanjani kulibaki boma ambalo halijaezekwa. Tulikuwa tunakwenda kufyeka majani mara mbili kwa mwaka, basi.

Julai 2023 jirani wa kule akanipigia simu: "Dada, kuna karatasi ya dalali imebandikwa ukutani." Ilikuwa notisi ya siku 14. Kumbe kuna mtu alifungua shauri dhidi ya binti yetu kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya, akidai eneo ni lake. Wito ulibandikwa kwenye lile boma lisilo na mtu, hakuna aliyefika, shauri likasikilizwa upande mmoja, na mwezi Machi hukumu ikatoka. Aliyehukumiwa alikuwa kidato cha kwanza. Nilikaa chini nikalia. Niliona nimeshindwa kulinda kitu pekee ambacho baba yake alimwachia.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alitaka milioni mbili za kuanzia. Sikuwa nazo. Mtendaji wa mtaa ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Vituo vya namna hii vinafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na vipo mikoa mingi, ndiyo maana naieleza huduma yenyewe kuliko kituo kimoja. Nilitakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kipato changu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na hati ya mauziano. Kwa kazi yao sikulipa hata shilingi. Ada ya kufungulia maombi, kurudufu nyaraka na nauli nilijilipia.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba siku ile ya kwanza mwanasheria hakunipa matumaini ya uongo. Aliniambia, "Mama, tukifanikiwa, hukumu itatenguliwa tu. Kiwanja bado hujashinda. Utakuwa umepata nafasi ya kusikilizwa." Halafu akauliza tarehe ya hukumu, akahesabu kwa vidole. Maombi ya kutengua hukumu ya upande mmoja hupelekwa ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa mwezi wa nne. Kwa hiyo hatukuanza na kutengua. Tulianza na maombi ya kuongezewa muda, pamoja na ya kusimamisha ukazaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake, ili dalali asilibomoe boma.

Hapa ndipo nilipoona umuhimu wa mtu anayeijua kazi. Peke yangu ningeandika kwamba hatukuwa na habari, nikaishia hapo. Yeye alinikalisha tukaandika kila siku tangu nilipopigiwa simu: lini nilikwenda kule, lini nilimwandikia karani kuomba nakala ya hukumu na kumbukumbu za mwenendo wa shauri, lini nilizipata. Alisema mahakama zetu hutaka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Kisha akaweka hoja ya pili, ambayo ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya XXXI, inataka mdaiwa akiwa mtoto ateuliwe mtu anayefaa awe mlezi wake katika shauri hilo kabla halijaendelea. Tulisoma jalada zima na hatukuona mahali umri wa binti ulipotajwa. Lilikuwapo jina lake tu, kama vile ni mtu mzima. Akaambatanisha kesi ya Valambhia ya Mahakama ya Rufani, ya 1992, inayosema kwamba uamuzi unaodaiwa kuwa na kasoro ya kisheria ni sababu ya kutosha ya kuongeza muda.

Kasoro za kituo zipo, na moja nusura itugharimu. Rasimu ya kwanza ya hati ya kiapo ilisema mtoto amezaliwa 1999 badala ya 2009. Shauri zima limesimama juu ya umri, halafu umri wenyewe umekosewa! Niliona kwa sababu nilikataa kusaini mbele ya kamishna wa viapo kabla ya kuisoma yote, neno kwa neno. Ukienda, fanya hivyo hivyo, hata wakikuharakisha. Simu zao pia hazipokelewi. Mara tatu nilipanda daladala asubuhi kwenda kuulizia tarehe tu. Wanasheria ni wachache na foleni ni ndefu.

Jambo jingine, wakili hakuweza kufika kila tarehe. Lakini alinieleza kwamba kwenye baraza la wilaya ndugu wa mhusika anaruhusiwa kumwakilisha, akanifundisha jinsi ya kusimama na kujibu. Mwenyekiti aliponiuliza kwa nini tumechelewa, nilijibu kwa tarehe, na sikutetemeka.

Katikati ya hayo yule bwana aliyefungua shauri alituma wazee nyumbani: tugawane kiwanja nusu kwa nusu, tuyamalize. Nilichoka, na nilikaribia kukubali. Nilipompelekea mwanasheria ile karatasi, aliisukuma pembeni akasema mlezi hawezi kuingia mapatano yanayogusa haki ya mtoto bila ruhusa ya baraza, na kwamba kama nusu ile ni haki, waje waiseme mbele ya mwenyekiti. Hawakuja. Ushauri huo peke yake unazidi nauli zote nilizotumia.

Oktoba 2023 tuliongezewa muda, tukapewa siku 14 kufungua maombi yenyewe. Tulifungua ndani ya siku tano. Januari 2024 hukumu ilitenguliwa, nikateuliwa mlezi wa shauri, na baraza likaagiza lianze upya. Upande wa pili sasa wanadai mtoto wa miaka 6 hawezi kununua kiwanja, nasi tunaleta mashahidi waliomwona baba yake akilipa na kumwandikia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya kosa la mwaka na simu zisizopokelewa. Boma bado limesimama, na kwenye wito mpya, chini ya jina la binti, wameandika kwamba ni mtoto na jina la mlezi wake limefuata.