Betri ya lithiamu kwenye boti ndogo: nimeipenda, ila pampu ya ngama sikuikabidhi

Betri hii ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, nimeitumia msimu mzima kwenye boti yangu ya fiberi yenye mashine moja ya petroli. Kwa taa, redio na kipima kina, sina hamu tena ya kurudi kwenye betri ya asidi. Kuwasha mashine na kuendesha pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, ni habari nyingine.

Uzito ndio unaouona siku ya kwanza. Betri ya asidi ya ukubwa huu hukaribia kilo 30. Hii haifikii hata nusu yake, na boti iliyokuwa ikilalia tezi, yaani upande wa nyuma, sasa inakaa sawa. Ila isiachwe huru kwa kuwa ni nyepesi. Mwongozo wa ABYC (Baraza la Boti na Yoti la Marekani), unaofuatwa na mafundi wengi wa boti Marekani, unataka betri iliyofungwa isisogee zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Mkanda na trei vilifanya kazi hiyo. Vifuniko vya vichwa vya kufungia waya vilivyokuja nayo, lakini, ni vya plastiki hafifu. Cha upande wa chanya kilichanika mapema nikaweka cha mpira, maana spana moja ikianguka pale ikagusa na hasi, shoti yake si ya mchezo.

Na hapo kwenye shoti ndipo muuzaji alipokaa kimya: betri ilikuja bila fyuzi wala neno lolote kuhusu fyuzi. Lithiamu hutoa mkondo mkubwa mno kwenye shoti, kiasi kwamba fyuzi dhaifu inaweza kuungua na umeme ukaendelea kuruka kwa cheche katikati. Nilinunua ya daraja T, ambayo hukata hata ampea 20,000, nikaifunga karibu kabisa na kichwa cha chanya. ABYC hutaja sentimita 18 kama umbali wa kawaida, na huruhusu zaidi waya ukipita ndani ya ala ya kuukinga. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kadiri kinavyokuwa kifupi ndivyo bora.

Tangazo lilisema "haiingii maji". Kwenye ubavu imeandikwa IP65, yaani inastahimili maji ya kurushwa. Kuzama ni IP67, inayopimwa kwa nusu saa ndani ya mita 1 ya maji. Yangu nimeiinua juu ya rafu, mbali na ngama.

Sasa jambo lililonifanya niigawe kazi. Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, BMS, inayokata umeme seli zikijaa kupita kiasi, zikiisha, zikipata joto au zikivutwa mno. Ulinzi mzuri, sina ubishi. Jioni moja, boti ikiwa imefungwa, niliwasha kila kitu makusudi nikakaa na mita. 13.1, 13.1, 13.0, muda mrefu hivyo hivyo, taa zikiwaka vilevile. Halafu namba zikaanza kuporomoka, na kabla sijamaliza kuandika, taa, redio na kipima kina vikazimika kwa pamoja. Betri ya asidi ikichoka taa hufifia, ukajua. Hii haifanyi hivyo, na volti zake hazikwambii kilichobaki. Nimeongeza mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Bila hiyo ni kubahatisha.

Ndiyo maana pampu ya ngama iko kwenye betri ya asidi ya kuwashia mashine, na fyuzi yake mwenyewe, ikiunganishwa moja kwa moja bila kupitia swichi kuu. Boti ikiwa imeegeshwa na swichi imezimwa, kielea, yaani swichi inayoelea juu ya maji ya ngama, kikipanda pampu inafanya kazi.

Mashine nayo haichaji lithiamu moja kwa moja. BMS ikikata ghafla wakati alteneta, jenereta ndogo ya mashine, inasukuma umeme, volti hupanda kwa kishindo na zinaweza kuua diodi za mashine. Kati ya betri mbili nimeweka chaja ya DC kwa DC, inayochukua umeme wa upande wa betri ya asidi na kuchaji lithiamu. Inaongeza gharama ambayo haimo kwenye bei ya betri, na muuzaji angepaswa kuitaja. Swichi zote zilizo karibu na tangi la petroli nimechagua zile zilizoidhinishwa kutotoa cheche nje. Asidi ikichajiwa hutoa hidrojeni pia, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kushika moto, kwa hiyo sanduku lake lina tundu la hewa juu.

Nyota nne kati ya tano. Iliyobaki nimeinyima kwa kukosa king'ora cha dakika chache kabla ya BMS kukata, na kwa zile plastiki za vichwa.