Vitabu Vinne vya Zama za Misafara ya Pembe

Msomaji anayetaka kuzijua zama za misafara ya pembe za ndovu na biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki ana bahati isiyopatikana kila mahali, kwa kuwa baadhi ya waliokuwamo ndani ya mambo hayo waliyaandika wenyewe, na wengine wao waliyaandika kwa Kiswahili. Nimevisoma na kuvirudia vitabu vinne vya zama hizo, vitatu vikiwa kumbukumbu na kimoja riwaya. Kila kimoja kinastahili kusomwa leo, lakini sipendekezi hata kimoja kisomwe peke yake, kwa sababu jambo ambalo mwandishi mmoja amelipita kwa haraka ndilo ambalo mwenzake amelikalia kitako.

Cha kwanza, nacho ndicho nitakachokizungumzia kwa kirefu, ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Tajiri huyu wa Unguja aliyafikisha mamlaka yake hadi Kasongo na maporomoko ya mto Kongo, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani penye maporomoko hayo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokuwa amestaafu safari, Mjerumani Heinrich Brode alimwomba aandike habari za maisha yake, naye akaziandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Brode alizigeuza kuwa hati za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Toleo ambalo wengi wetu tumelifahamu ni lile la W. H. Whiteley, lililotolewa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Jambo la kwanza linalomvuta msomaji ni usemaji wake. Tippu Tip haandiki kama mtu anayetafuta sifa za uandishi. Anasimulia kama mfanyabiashara aliyeketi barazani na wenzake wanaoijua kazi, kwa sentensi fupi zinazofuatana mbio, akitaja nani alimkopesha, mali ilikuwa kiasi gani, pembe zilifika frasila ngapi, na ni mtemi yupi aliyedai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake. Anaanza na umri wa miaka kumi na miwili, alipokuwa akifuatana na jamaa zake katika safari za karibu za kununua sandarusi, na kabla msomaji hajatulia tayari yuko Tabora, kisha Itabwa kwenye vita na mtemi Nsama, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Kizungu Livingstone, Cameron na Stanley wanapita katika kurasa zake kama wageni wanaohitaji msaada wa chakula, njia na watu. Kwa msomaji aliyefundishwa shuleni kwamba hao ndio waliokuwa wakuu wa safari hizo, kuwaona wakiingia na kutoka katika habari za mtu mwingine ni faida kubwa. Stanley hasa analalamikiwa bila kuficha, kwamba aliahidi mengi na hakutimiza.

Lakini sifa hiyohiyo ya kusema mambo bila kupepesa ndiyo inayokifanya kitabu kiwe kizito. Katika moja ya safari zake za mwanzo, wapagazi wa Kizaramo aliowalipa walimtoroka. Anaeleza kwamba aliingia vijijini kwao, kwa siku chache akakamata watu 800, akawafunga pamoja na kuwarudisha Mkamba wabebe mizigo. Na hapo, anasema, ndipo alipopewa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa sababu chui hukamata huku na huku bila kuchagua. Habari hii yote inachukua nafasi ndogo sana. Haina majuto wala majigambo makubwa, na inafuatwa moja kwa moja na mambo ya safari. Nimesoma vitabu vingi vya wanahistoria vinavyoeleza ukatili wa misafara, lakini hakuna kilichonieleza vizuri zaidi jinsi ukatili unavyoweza kuwa shughuli ya kawaida ya kutwa kwa mtu mwenye akili, mwenye adabu ya mazungumzo na mwenye kushika ahadi zake kwa matajiri wenzake. Kati ya watu hao 800 hatajiwi hata mmoja kwa jina.

Sehemu nyingine ambayo ingetosha kumfanya mtu akitafute kitabu hiki ni ile ya Utetera, nchi iliyo katika Kongo ya leo. Alipata habari kwamba zamani wanawake wa ukoo wa utawala wa huko walitekwa vitani wakapelekwa mbali. Basi alipofika kwa mtemi mzee Kasongo Rushie, akadai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao, na kwa hiyo yeye ni damu yao. Mtemi akampokea kama mjukuu na kumkabidhi utawala. Simulizi hii inaonyesha kwamba nguvu ya tajiri wa pwani haikuwa bunduki peke yake, bali pia ujuzi wa kusikiliza habari za ukoo wa watu na kujua wakati wa kuzitumia. Riwaya yoyote ingejivunia mkasa wa namna hiyo.

Kasoro za kitabu ni mbili. Mwandishi anadhani msomaji anawafahamu watu wote anaowataja, kwa hiyo majina ya Waarabu wa Tabora na watemi wa bara yanamwagika bila maelezo. Pili, miaka haitajwi kwa mpango, na asiye na ramani na jedwali la matukio pembeni atapotea baada ya kurasa chache. Utangulizi wa kihistoria wa Alison Smith katika toleo la Whiteley unasaidia sana, ila uko kwa Kiingereza.

Baada ya hapo ningemshauri msomaji achukue Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa sana mashuleni wakati wa ukoloni. Ni kitabu kidogo. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, na anasimulia jinsi babake na wenzake walivyotekwa katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, na hatimaye wakakaa Freretown, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa karibu na Mombasa miaka michache baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hapa ndipo wale wasiotajwa majina na Tippu Tip wanapopata nyuso, jamaa na vijiji walivyotoka.

Wako wanaokikataa kitabu hiki kwa sababu kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwachora Waarabu kwa rangi moja tu. Lawama hiyo ni ya haki. Mbotela aliandika akiwa amelelewa na misheni, na shukrani zake kwa waliomkomboa babake hazimwachii nafasi ya kuuliza walikuwa na haja gani nyingine katika pwani hii. Hata hivyo, kukiacha kwa sababu hiyo ni kuwanyamazisha tena watu ambao ushahidi wao ni haba mno. Nakisoma kama ushahidi wa mtoto aliyeyapokea maneno kutoka kwa wazee wake, na katika kurasa za kutekwa na za safari ya kwenda pwani sioni maneno ya misheni bali maumivu ya watu waliotenganishwa na wao.

Kitabu cha tatu kilitoka katika nyumba ya kifalme. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akiwa binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, na mama Mcherkesi, alitoroka mwaka 1866 kwa meli ya Waingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akaolewa naye Aden, akahamia Hamburg, na akafiwa na mumewe mwaka 1870. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwa jina lake jipya la Emily Ruete. Kurasa zake bora ni za utotoni: jumba lenye watu wengi wa makabila mengi, masuria wanaogawanyika kwa lugha na asili, na binti anayejifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomfanya awe mwandishi wa barua za kundi la kaka yake Barghash katika njama za mwaka 1859 dhidi ya kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, jambo ambalo anakiri lilimletea majuto ya muda mrefu.

Sura yake kuhusu utumwa itamkera msomaji wa leo, maana anautetea, akisema wa kwao haulingani na wa Amerika, na kuwalaumu Wazungu kwa kuhukumu wasichokijua. Mtu aliyetoka kusoma Mbotela atajua la kumjibu. Barua zake za baadaye kuhusu upweke wa Ujerumani, zilizotolewa pamoja na kumbukumbu hizi na wachapishaji Brill mwaka 1993, zina uchungu ulio wazi zaidi kuliko kumbukumbu zenyewe, na anayeweza kuzipata asizikose.

Cha nne ni riwaya: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa ajili ya Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, naye mwenye miaka kumi na miwili kama Tippu Tip mwanzoni mwa simulizi yake, anachukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la babake, akidhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Msafara wa Aziz unakwenda bara kwa mtemi Chatu na kunyang'anywa mali, huku Wajerumani wakiwa tayari wameanza kuitwaa nchi. Kwa sanaa ya kusimulia hakuna kitabu kati ya hivi kinachoikaribia riwaya hii. Gurnah anamtazama tajiri kwa macho ya mtoto aliyewekwa rehani, na upole wa Aziz, ambaye hapazi sauti wala hapigi mtu, unakuwa wa kutisha kuliko fimbo ya mnyapara wake Mohammed Abdalla. Mazungumzo ya wasafiri kando ya moto, yenye utani, kejeli na dini, yanasikika katika tafsiri hii kana kwamba yaliandikwa hivyo tangu mwanzo. Anayeifikia Peponi baada ya Tippu Tip atatambua mambo mengi: hongo, homa, wapagazi wanaotoroka, na hesabu za madeni zinazofuata watu hadi nyumbani.

Kati ya vinne, Peponi ndiyo rahisi kupatikana katika maduka ya vitabu. Tippu Tip na Mbotela mara nyingi hutafutwa maktabani, na mara nyingi ni kwenye rafu zisizoazimishwa. Ningefurahi kuona mchapishaji wa hapa kwetu akiyatoa upya Maisha ya Tippu Tip kwa Kiswahili kitupu, yakiwa na ramani ya njia zake kutoka Bagamoyo hadi Kasongo, maelezo ya majina, na miaka iliyowekwa pembeni ya kila sura. Na Uhuru wa Watumwa kikipewa utangulizi wa mwanahistoria atakayeeleza Freretown ilikuwa mahali gani, nani aliishi humo, na wazao wao wako wapi Mombasa ya leo.