Dawa ya kutu ya kupaka: nilivyoitumia kwenye pikapu ya mizigo hapa Malindi

Kwa mwenye haraka: dawa inafanya kazi, na nimeshanunua kopo la pili. Lakini la kwanza lilimwagwa karibu nusu, na kazi niliyoifanya nalo ilibidi niirudie yote. Kosa si la dawa.

Gari yenyewe ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1993. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea magunia ya chumvi kutoka Gongoni, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini injini ilikuwa nzima na bei ilikuwa ya kirafiki. Mimi nabeba samaki na barafu kutoka Ngomeni na Mayungu, siku nyingine mawe ya ujenzi. Kwa hiyo imetoka kwenye chumvi kavu ikaingia kwenye chumvi ya maji. Barafu ikiyeyuka, yale maji ya samaki yanashuka kwenye bodi, yanapita kwenye maungio, yanalala juu ya chesisi. Usiku naiegesha nyumbani, Kusi inavuma kutoka baharini, umande wenyewe una ladha.

Kutu niliijua ipo. Kiasi chake ndicho sikukijua, mpaka binti yangu aliposema kwamba kiti cha abiria kina upepo wa chini. Nikafunua zulia. Nikaona changarawe.

Dukani nikaonyeshwa kopo la lita moja, shilingi 1,200. Jina silitaji kwa sababu makopo yapo ya aina nyingi na yanafanana. Ukifungua, ndani ni maji mazito meupe, mtu akikuambia ni tui utaamini. Ukiyapaka kwenye kutu, baada ya dakika kumi hivi yanaanza kuingia zambarau, kisha yanakuwa meusi tititi. Kinachofanya kazi ni tanini, ile ile iliyo kwenye magome ya mikandaa, yaani mikoko, ambayo zamani yalikuwa yakisafirishwa kutoka Lamu kwenda kutengenezea ngozi. Tanini inashikana na kutu na kuigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia, kisichotafuna chuma zaidi. Zipo nyingine za asidi ya fosfori, hizo ni nyepesi kama maji na huacha rangi ya kijivu. Sijazitumia kwenye gari hii, sizisemei.

Sasa kosa langu.

Nilianza kwa kuosha gari vizuri, nikidhani nimefanya la maana. Ndoo kumi na mbili za maji ya kisima cha uani, sabuni, brashi. Ikakauka juani. Nikapitisha brashi ya waya, magamba yakaanguka, nikapaka dawa mara mbili, nikasubiri siku nzima, kisha praima (ile rangi ya kwanza ya kushikia), kisha rangi. Nikapiga na picha. Wiki ya tatu rangi ikaanza kufura kama chapati kwenye kikaango, vivimbe vidogo vidogo, na ukikibonyeza kimoja kinatoa maji ya rangi ya chai.

Nikaanza kuilaani dawa. Mke wangu alikuwa amekaa barazani anachagua mchele, akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza, "Baba Rukia, gari uliiosha na maji gani?" Nikamwambia ya kisima. "Haya maji ambayo mimi sipikii hata chai? Njoo uangalie birika." Ndani ya birika la zamani, ambalo wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakichemshia maji ya kisima, kulikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai.

Ndiyo hivyo. Visima vyetu vya karibu na pwani vina chumvi, na nilikuwa nimeichukua chumvi ya kisima nikaifungia ndani ya rangi pamoja na ile ya Gongoni. Chumvi inavuta unyevu hewani. Haihitaji mvua. Ikiwa chini ya rangi inajitengenezea maji yake yenyewe na kuendelea kula chuma taratibu, na dawa iliyo juu yake haina habari.

Mara ya pili nilitumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho. Siku ambazo mfereji ulikauka nilitumia ya mvua niliyokinga kwenye pipa. Nilikwangua kila kitu nilichopaka, nikarudi mpaka kwenye chuma, nikaosha, nikaacha kikauke, nikapiga brashi tena, nikaosha tena. Kipimo nilichokuja kukitegemea ni hiki: acha chuma wazi usiku mmoja, kakiangalie alfajiri kabla jua halijapanda. Kama kimetoka jasho, vitone vya hudhurungi vimesimama kwenye vishimo, bado kina chumvi. Kwangu sakafu ya upande wa abiria ilitoka jasho alfajiri nne. Ya tano ilikuwa na vumbi jepesi la rangi ya machungwa tu, kavu, sawasawa kote. Hapo ndipo nikafungua kopo.

Na hapo kopo nalo lilikuwa limeshaharibika. Mara ya kwanza nilikuwa nachovya brashi moja kwa moja ndani yake, na brashi inarudi na unga wa kutu. Dawa haijui kwamba ule unga umo koponi na si kwenye gari, inaanza kazi humo humo. Nilikuta jeli nyeusi inayotikisika. Mimina kiasi kidogo kwenye kibakuli, na kikibaki mwaga, usirudishe. Imeandikwa kwenye kopo, kwa herufi ambazo lazima utafute miwani.

Mengine ya kuitumia ni mepesi. Usipake kwenye jua la saa sita, inakauka juu kabla haijaingia ndani; mimi napaka jioni au chini ya mwembe. Usipake penye mafuta. Usipake kwenye chuma kinachong'aa ukitegemea kitu, maana isipokuta kutu haina cha kugeuza. Na isiachwe hivyo hivyo bila rangi: ile nyeusi inapendeza, unaweza kudhani kazi imeisha, lakini mvua mbili tatu zitaitoboa. Juu yake nilipaka praima ya epoksi mara mbili ndipo rangi ikafuata.

Kukwangua ndiko kulikonitoa jasho zaidi ya yote. Msasa na brashi ya mkono ni adhabu, niliishia kuazima grenda na kufunga ile brashi ya waya ya duara. Inakula kutu kweli kweli, na inarusha nyaya kama sindano. Miwani lazima, barakoa lazima, na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwa sababu pengine hakuna mwingine mpumbavu kiasi hicho: usishike grenda ukiwa umevaa kikoi. Ilinyakua pindo, ikajiviringisha, ikafika kiunoni ikazima. Jirani yangu aliona kila kitu. Tangu siku hiyo nafanya kazi na suruali ya jinzi.

Kuhusu matundu: dawa haizibi tundu. Nalisema kwa sababu niliuliza dukani nikajibiwa "itasaidia", na haikusaidia. Gonga kwa kichwa cha bisibisi kila mahali unapopashuku. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema "pu" na bisibisi inazama. Pa kuzama panakatwa mpaka ufike kwenye bati zima, kisha panawekwa kiraka. Nilipokata chini ya mlango wa dereva nilikuta kazi ya fundi aliyenitangulia: tundu la ukubwa wa kiganja limejazwa karatasi za gazeti, juu fila (ule uji mzito wa kusawazishia bodi), juu rangi. Karatasi zilikuwa bado zimeloa. Niliweza kusoma matokeo ya mpira. Fila inanyonya unyevu, na gazeti je? Mtu alilipwa kwa kazi ile.

Kuchomelea sikufanya mwenyewe. Bati la bodi ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na mkono usiozoea unageuza tundu moja kuwa matatu. Alikuja fundi na mashine yake, tukatumia bati jeusi la geji 20, akachomelea nukta hapa, nukta kule, akiacha lipoe lisijikunje. Kazi yangu mimi ilikuwa kutoa waya wa betri, kuondoa zulia na kiti, na kusimama na gunia bichi upande wa bomba la dizeli. Nilikuwa na kipande cha bati la kuezekea kimebaki, nikataka kiokoe pesa. Akakikataa, na ana haki. Lile lina zinki, ukilichoma moshi wake unakulaza na homa.

Chesisi ni habari nyingine kabisa. Karibu na mahali springi ya nyuma kushoto inaposhikia, bisibisi ilizama. Hapo niliweka vifaa chini. Gari inabeba tani ya barafu na samaki na mbele yangu kuna watu barabarani. Nilimpelekea fundi wa chesisi, ikakatwa, ikawekwa chuma kinene, nililipa zaidi ya gharama nyingine zote kwa pamoja. Huko usijaribu dawa wala rangi kabla hujajua chuma kimebaki kiasi gani.

Kila mtu ataniuliza kuhusu oili chafu, maana hapa Malindi kila pikapu ya kazi imepakwa oili chafu tumboni. Inasaidia kiasi, sikatai. Lakini inalainisha vipande vya mpira vya gari, inakusanya vumbi na mchanga, na mchanga wenyewe una chumvi. Inadondoka uani pia. Mabaharia walikuwa wakipaka mafuta ya sifa, yale ya maini ya papa, kwenye mbao za vyombo vyao na vikadumu. Nimefikiria, lakini abiria wangu tayari ni samaki, harufu moja inatosha. Mimi nilipaka ile rangi nzito ya lami tumboni, na ndani ya milango, ambako brashi haifiki, nikapuliza oili safi iliyochanganywa na grisi. Kabla ya hapo nilizibua vile vitundu vya chini ya milango kwa waya. Kutoka mlango mmoja ulimwagika mchanga kikombe kizima. Maji yangetokea wapi?

Hali ilivyo sasa, baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, misimu miwili ya Kusi ikiwa imepita: sakafu iko safi, chini ya milango kuko safi. Nyuma ya gurudumu la kushoto pamefura tena kwa upana wa sarafu ya shilingi ishirini, na najua kwa nini, hapo nilichoka sikusubiri alfajiri. Kilango cha nyuma sikukigusa na kinaoza kwa amani.

Kopo ningelipatia nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa zile herufi ndogo. Samaki wakishashushwa naosha gari kwa mpira, kuanzia chini kwenda juu, kama maji ya mfereji yapo. Yasipokuwapo, sioshi.

Jumamosi, Inshallah, ni zamu ya kilango. Kibakuli cha kuchovea nimeshapewa na mwenye jiko, baada ya kunihakikishia kwamba kile cha uji ninachokiwaza hakimo kwenye mazungumzo.