Huduma ya kupasua mizoga, Nakuru: wasomaji wazuri wa ini, washauri wa wastani

Kondoo mnene anapokutwa amekufa asubuhi bila dalili yoyote, wafugaji wengi wa Njoro, Molo na Mau Narok husingizia nyoka au sumu. Kliniki moja ya mifugo mjini Nakuru hutuma daktari shambani kupasua mzoga na kutafuta chanzo. Tunaipa nyota 4 kati ya 5.

Kwanza, hawakimbilii kisu. Kifo cha ghafla kinaweza kuwa kimeta, ugonjwa ulioua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru mwaka 2015. Daktari hupaka tone la damu ya sikio kwenye kioo na kulipima kwa darubini. Akiona dalili za kimeta, hapasui. Anayeruka hatua hii usimwite tena.

Kwa ini ndipo wanapostahili hela yao. Ugonjwa mweusi wa ini, chanzo kingine cha kifo cha ghafla, huletwa na bakteria Clostridium novyi aina ya B. Mbegu zake hulala ndani ya ini mpaka minyoo michanga ya ini ipite ikichimba. Nyama iliyokufa kwenye njia hizo haina hewa, bakteria huamka na kumwaga sumu. Ngozi ikichunwa, upande wa ndani ni mweusi kwa mishipa iliyojaa damu. Mfuko wa moyo umejaa maji ya manjano, nayo huganda yakipata hewa. Ini lenyewe ni jeusi, lina mabaka ya manjano hafifu ya sentimita 1 hadi 3, kila moja limezungukwa na ukingo mwekundu mkali. Mengine hayaonekani juu, kwa hiyo hulikata vipande vyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Mirija minene ya nyongo peke yake, bila mabaka hayo, ni kazi ya minyoo ya siku nyingi tu.

Mzoga huu huoza upesi, na bakteria huyo hupatikana hata kwenye ini la kondoo mwenye afya. Ukichelewa, majibu ya darubini hayana uzito. Wao huchukua kipande chenye ukingo wa baka, kisichozidi unene wa sentimita 1, ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 iliyo mara 10 ya ujazo wake. Maji ya tumboni huenda maabara yakiwa kwenye barafu, kupimwa sumu.

Nyota moja imepotea kwenye ripoti, inayosema "chanja" na kuishia hapo. Chanjo ya kimeta na chambavu (ugonjwa wa misuli ya mifugo) haizuii ugonjwa huu. Lebo lazima itaje novyi aina ya B. Huchomwa mara mbili, wiki 4 hadi 6 katikati, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo ya albendazoli nayo huua minyoo mikubwa tu. Michanga, ambayo ndiyo yenye hatari, inahitaji triklabendazoli.

Ukiwaita, weka mzoga kivulini na ufunge mbwa wasiufikie. Nyama hailiwi, ichomwe au izikwe kwa kina.